Ziwa la Lufira: tujue kwanza pale tunapokwenda



Tangu tangazo la matembezi ya wafinalisti kubandikwa kwenye mlango wa biro, maswali hayaishi. Wengine wanauliza kama kule kuko mamba. Wengine wanauliza kama ni parki ya kweli, sawa Upemba, yenye banyama na walinzi wenye bunduki. Mwenzetu mmoja alisimama mbele ya watu wote, akauliza: "Juu ya nini tusiende tu Kipopo? Ni karibu, na franka ni kidogo." Bwana Prefe alicheka, halafu akatuambia sisi makapita tuandike jibu katika gazeti letu, ili kila mtu asome mara moja na biro ipumzike. Basi tumeandika.

Tukubali kwanza kosa letu. Mwaka jana baadhi yetu tuliandamana na wafinalisti waliotutangulia mpaka kwenye ziwa hilo. Tulifika, tukaimba, tukala, tukapiga foto, tukarudi Luano usiku tukiwa tumechoka kabisa. Kama mtu angetuuliza kesho yake "Mumeona nini?", tungejibu tu: maji mingi. Hatukujua maji yale yametoka wapi, wala ni ya nani. Hata tulifanya jambo moja la aibu, nalo tutalisimulia hapa chini bila kuficha.

Ziwa lenyewe lina majina zaidi ya moja, ndiyo maana watu wanachanganya. Katika ramani utakuta Ziwa Lufira, maana ni maji ya mto Lufira. Wengine wanaliita Tshangalele. Watu wa Likasi wanasema tu Mwadingusha, kwa sababu ya pahali pa baraji, na abiria wa njia ya Likasi wanasema Kapolowe, kwa sababu ni pale wanaponunua samaki. Ni ziwa moja tu hilo hilo.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Ziwa hilo si la zamani sawa Tanganyika au Mweru. Mungu aliumba mto, bonde na mvua, lakini ziwa lilifanywa na mikono ya watu, na halijafikisha miaka 100. Kabla ya mwaka 1930 pale palikuwa na mto Lufira ukipita katika bonde pana la majani. Ukifuata mto huo kwenda kaskazini unafika mbali sana, mpaka unapoingia katika Lualaba upande wa maziwa ya Upemba. Lakini mbele ya kufika huko, kwenye Mwadingusha, mto unakuta ukingo wa mawe na kuanguka chini kwa nguvu. Anguko hilo ndilo lililotafutwa.

Juu ya nini? Juu ya shaba.

Tunajua wote kwamba Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kwamba shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911. Wakati ule kazi ilifanywa kwa moto. Makaa ya mawe yalitoka mbali, Wankie katika Rhodesia (leo tunasema Hwange, Zimbabwe), yakapanda treni mpaka kwenye tanuru zetu. Njia hiyo ilifaa kwa mawe yenye shaba nyingi. Lakini Katanga ina mawe mengine mengi ambayo shaba yake ni kidogo, imechanganyika na udongo, na ukiyachoma kwa moto unapata hasara tu. Wenzetu wa sehemu ya biokemia watatusaidia hapa: mawe ya namna hii unayasaga, unayatia katika asidi, shaba inayeyuka ndani ya maji na maji yanakuwa ya bluu. Kisha unapitisha kuran katika maji hayo, na shaba inaenda kujibandika taratibu kwenye kibao, safi kabisa. Ndiyo elektrolizi, ile tuliyofanya kwa pili za tochi na msumari. Kiwanda cha kufanya hivyo kilianza Shituru, kule Likasi, mwaka 1929. Sasa fikirieni: si pili ya tochi tena, ni nyumba nzima ya mabeseni, usiku na mchana, bila kukatika. Kuran hiyo itoke wapi? Ikatoka kwa Lufira. Baraji na kituo cha umeme vya Mwadingusha vikaanza kazi mwaka 1930.

Tumesoma pia habari ya majina ya pale, nayo ilitushangaza. Wakati wa Wabelgiji kituo cha Mwadingusha kiliitwa Francqui, na maporomoko yake yaliitwa Cornet. Kituo cha pili, Koni, kilichojengwa chini yake kwenye mto huo huo mwaka 1950, kiliitwa Bia. Majina haya matatu si ya watu waliojenga baraji. Ni ya safari moja. Kapiteni Bia, luteni Francqui na Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, walifika Bunkeya mwanzoni mwa 1892, na mfalme M'siri alikuwa ameuawa pale wiki chache tu mbele yao, tarehe 20 Desemba 1891, na watu wa safari nyingine, ile ya kapiteni Stairs. Bia mwenyewe alikufa mwaka huo huo wa 1892, Francqui akachukua uongozi. Cornet ndiye aliyezunguka akiandika wapi kuko mawe ya shaba. Baraji mbili za Lualaba zilifuata desturi hiyo hiyo: Nzilo iliitwa Delcommune, Nseke iliitwa Le Marinel, nao wote wawili walikuwa wamefika kwa M'siri mwaka 1891. Yaani mtu aliyewasha taa Elisabethville aliwashiwa na majina ya wale waliokuja kumtafuta M'siri. Majina hayo yameondolewa, yakarudi yale ya mahali penyewe. Lakini Bunkeya haiko mbali na Lufira, na maji yanayopita katika mashini za Mwadingusha yanaendelea kaskazini kuelekea upande ule.

Turudi kwenye ziwa. Baraji ni ukuta tu wa kuzuia mto. Maji yakizuiwa yanapanda. Yakipanda yanatafuta pa kwenda. Kama bonde lingekuwa jembamba lenye vilima virefu, maji yangekwenda juu na ziwa lingekuwa refu na la kina. Lakini bonde la Lufira ni tambarare kama sahani. Kwa hiyo maji hayakupanda sana, yalitandaa. Wakati wa mvua yakijaa vizuri, ziwa linapita kilometri za mraba 400. Asiyeona picha yake achore mraba wenye kilometri 20 kila upande, ndiyo hiyo. Lakini pahali pengi ni ya kina kidogo, mvuvi anasukuma bwato lake kwa mti mrefu na mti unagusa chini. Wakati wa kiangazi maji yanarudi nyuma, majani yanatokea, na yule aliyeacha bwato ukingoni anakuta limekaa pakavu.

Mto ukitandaa hivyo juu ya nchi yenye watu, kuna watu waliohama. Vitabu tulivyopewa havisemi mambo mengi juu yao, vinasema megawati. Mwenzetu mmoja ambaye jamaa yake ni ya upande wa Kapolowe alituhadithia yale nyanya yake aliyosikia kwa wazazi wake: "Maji ilikuya polepole. Haikukuya sawa mvua. Leo inakamata shamba, kesho inakamata njia, na batu banasogea, banasogea tena." Tulimwuliza kama walilipwa. Akasema nyanya hakuwahi kusikia habari ya kulipwa, alisikia tu habari ya samaki.

Na kweli, samaki walikuja. Maji yenye kina kidogo, jua, majani mengi yaliyozama na kuoza: kwa mpende hiyo ni sawa kuwekewa meza. Mpende ndiyo wale wazungu wanaita tilapia. Kambale naye akapata matope aliyoyapenda. Watu waliokuwa wakilima bondeni wakawa wavuvi, wengine wakatoka mbali kuja kuvua, na samaki wakaenda katika makambi ya wafanya kazi wa migodi, Likasi na huku kwetu. Mpaka leo gari likisimama Kapolowe-Gare, mbele hujafungua kioo, mabeseni yako tayari dirishani: wabichi, wa kukauka, wa kuchoma. Bukari unayokula jioni na samaki wa Kapolowe inatoka, ukifikiri vizuri, katika ile haja ya shaba ya mwaka 1930. Hakuna mhandisi aliyeipanga.

Ndege nao walikuja, maelfu, kwa sababu ya matete na samaki. Mmoja wao anastahili mistari michache. Mwaka 1960 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean-Claude Ruwet, aliyekuwa akichunguza samaki na ndege wa ziwa hilo, alipata ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, wa jamii ya wale wanaosuka viota vya majani vinavyoning'inia. Ndege huyo mmoja alikaa katika sanduku la makumbusho. Mwaka 1982 tu, miaka 22 baadaye, wataalamu wawili, Louette na Benson, waliandika kwamba hafanani na wengine, wakampa jina la Ruwet: Ploceus ruweti. Halafu kimya tena, mpaka mwaka 2009 ilipoandikwa kwamba ameonekana tena, yuko hai, anasuka viota vyake katika majani ya ziwa. Wengine wanasema ni ndugu tu wa ndege anayekaa Tanzania, si aina ya peke yake. Wabishane. Sisi tunajua kwamba hakuna pahali pengine ambako amejulikana isipokuwa katika mabwawa ya Tshangalele. Mwaka jana labda tulimpita tukipiga kelele.

Sasa tujibu lile swali la parki.

Mwaka 1982 huo huo, UNESCO iliandika ziwa na nchi inayolizunguka katika orodha ya hifadhi za biosfera, kwa jina la Lufira. Katika nchi yetu ziko tatu tu za namna hiyo: Yangambi na Luki, zilizoandikwa mwaka 1976, na hii yetu. (Mwaka 1982 ulikuwa na mambo: ndio pia ulipomalizika mstari mrefu wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometri karibu 1,700.) Hifadhi ya biosfera si parki. Upemba ni parki tangu 1939, Kundelungu tangu 1970; katika parki sheria inasema banyama wabaki, na mtu aingie kwa ruhusa. Katika hifadhi ya biosfera mtu hafukuzwi. Kunakuwa na sehemu ya ndani ambayo haiguswi, sehemu ya kuizunguka ambayo kazi zake zinapimwa, na sehemu ya nje ambapo watu wanalima, wanavua na kuishi. Ni mapatano kati ya watu na nchi yao kwamba watatumia bila kumaliza. Hakuna lango la kulipia, hakuna waya.

Hatukujua hayo mwaka jana. Tulitafuta lango! Tulimwuliza mbaba mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu kwenye ukingo: "Baba, samahani, parki inaanzia wapi?" Akatuangalia sana. "Parki gani, batoto? Hapa ni kwetu. Tunazaliwa hapa." Tulicheka, tukafikiri hajui. Kumbe alijibu sawasawa kuliko swali letu. Ila jibu lake lina upande mwingine, na huu unahuzunisha: kama mtu anayeishi ndani ya mapatano hajawahi kusikia habari yake, basi mapatano hayo ni ya karatasi. Yule mbaba hakuona mlinzi, hakuitwa katika mkutano, hakuambiwa sehemu ya ndani iko wapi. Miaka zaidi ya 40 imepita tangu karatasi iandikwe.

Na ziwa linasumbuka. Tutasema yale matatu tuliyoyaona na kuyasoma.

La kwanza ni udongo. Miti ya kuzunguka inakatwa kwa makala, na makala hayo, tuseme kweli, yanakuja kwetu. Ni sisi wa mji tunaopika nayo kila siku umeme ukikatika. Mlima ukibaki uchi, mvua inauosha, udongo unaingia katika maji yasiyo na kina. Matete na mafunjo yanapanda juu yake. Ziwa lililotandaa juu ya sahani halihitaji udongo mwingi ili lijae.

La pili halionekani kwa macho. Mto Panda unatoka upande wa Likasi, kwenye viwanda, na maji yake yanashuka kwenda Lufira na kuingia katika ziwa. Watafiti wa Université de Lubumbashi wakiwa na wenzao wa Ubelgiji waliandika mwaka 2010 kwamba madini kama shaba na kobalti yamekutwa katika matope, katika majani na katika samaki wa bonde hilo. Hatuandiki hivi ili mtu aache kula samaki wa Kapolowe. Sisi wenyewe tunakula. Lakini angalieni vile mambo yanavyozunguka: ziwa lilifanywa ili shaba itoke katika mawe, na sasa shaba iliyobaki inarudi ndani ya ziwa.

La tatu ni nyavu, na hapa inafika aibu yetu.

Siku ile tulikuwa na franka kidogo za chakula. Wavuvi wazuri waliomba bei nzuri kwa mpende mkubwa. Halafu akatokea kijana mmoja na beseni la samaki wadogo, wadogo sawa kidole, bei ya bure. Tulifurahi, tukanunua beseni mbili, tukajisifu kwamba kamiti yetu inajua kununua. Mama mzee aliyetuazima sufuria alifunua beseni, akanyamaza, kisha akasema: "Ee batoto. Hii si ndakala. Hii ni batoto ya mpende, banabakamata na mustikere. Siku ingine muache kwanza bakomee." Mustikere, yaani ile nyavu ya mbu inayogawiwa bure ili watoto wasife na malaria. Inapita majini kama ungo, haiachi kitu. Na yule kijana anavua hivyo kwa sababu wapo wanunuzi kama sisi, wenye unifomu safi na Biblia katika mfuko. Tulikula tu, maana tulikuwa tumekwisha kulipa. Walakini chakula hakikushuka vizuri.

Mwaka huu kamiti imepanga franka ya samaki mbele, na itanunua wakubwa. Kila mtu atapata nusu samaki badala ya sahani iliyojaa. Tunajua kuko wale watakaonung'unika. Wanung'unike sasa, hapa shuleni, si kule mbele ya wenyeji.

Maneno ya umeme hayajaisha, na wengi wametuuliza. Mashini za Mwadingusha zilizeeka, nyingine zikasimama kabisa. Zilitengenezwa upya, na mwaka 2021 kituo kilirudishwa katika mtandao wa SNEL, nguvu yake ikiwa megawati 78. Mkopo wa kazi hiyo ulitolewa na kampuni ya mgodi wa Kamoa-Kakula, upande wa Kolwezi, nayo ikapata haki ya kupewa umeme kwa ajili ya mgodi wake. Shaba tena! Miaka 90 imepita na mto unafanya kazi ya bwana yule yule. Huku Luano tunasoma na mshumaa jioni nyingi, na ndege za uwanja wetu zinapita juu ya nyumba zenye giza. Hatusemi kwamba ni kosa la mto, wala hatujui hesabu yote ya waya zile. Gazeti hili lenyewe linatoka kwa sababu mashini yetu ya stensili inazungushwa kwa mkono, Mungu asifiwe.

Basi, juu ya nini tusiende Kipopo? Kipopo ni pazuri, na panastahili makala yake. Pale Wabelgiji walifungua kituo cha kuchunguza ufugaji wa samaki katika mabwawa, na mpende wa Katanga wakapelekwa toka huku mpaka nchi nyingine za Afrika. Lakini Kipopo unaweza kwenda Jumamosi yoyote na yaya yako. Lufira tunakwenda kwa sababu karibu kila kitu tulichosoma miaka hii kiko pale pamoja: historia, jeografia, kemia, biolojia, na hata lile somo la dini juu ya Adamu kuwekwa katika bustani ailime na kuitunza. Na ni matembezi pia, tusisahau. Tutapanda bwato, kundi kwa kundi, na mvuvi mwenyewe akiongoza. Wanaotaka kuona ndege waamke mapema, maana jua likipanda wananyamaza katika matete. Mchana tutacheza mpira na vijana wa pale; mwaka jana walitufunga, na hatutaandika magoli mangapi. Baraji tutaiona kwa mbali. Kituo cha umeme ni pahali penye ulinzi, haingii mtu bila ruhusa, na foto za mashini hatupigi.

Juu ya kuogelea tutasema wazi, hata kama wengine watakasirika. Hatutaogelea. Si kwa sababu ya mamba tu, ingawa wavuvi wanawaheshimu na kiboko pia. Ni kwa sababu ya kichocho. Maji yaliyosimama, ya jua, yenye majani, ndiyo nyumba ya konokono mdogo anayebeba mdudu huyo. Mdudu anatoka kwa konokono, hasa jua likiwa juu, anaogelea, anapenya ngozi ya mtu bila kuuma sana, na unakuja kujua miezi baadaye, tumbo linauma na damu inatoka. Dawa yake iko, inaitwa praziquantel, lakini dawa haikatazi kuupata tena kesho yake ukirudi majini. Watoto wa wavuvi wanaingia kwa sababu hawana maji mengine. Sisi tuna robine, hata kama inatoka siku mbili kwa juma. Kwa hiyo viatu vitabaki miguuni, na atakayelowa katika bwato ajipanguse mara moja kwa kitambaa kikavu.

Mambo yaliyobaki ni mafupi. Tunaondoka saa kumi na moja ya asubuhi mbele ya kanisa, mlango wa gari utafungwa, hatumngoji mtu. Kila mmoja alete sahani yake, maji yake ya kunywa, kitambaa na kofia. Chupa na mifuko ya plastiki itahesabiwa kwenda na kurudi, tutakuwa na karatasi ya hesabu hiyo. Kamiti imemwalika mwalimu wa jeografia azungumze na mzee wa pale pamoja na wavuvi, chini ya mti, saa moja hivi, na tutapeleka nakala za makala hii tuwasomee wale watakaopenda kusikia, ili watuambie pale tulipokosea. Yule mbaba wa nyavu tutamtafuta.

Majina yanaandikwa kwa kapita wa kila kalasi mpaka Ijumaa saa sita. Asiyejua kuogelea aseme kweli wakati wa kuandikisha, bila haya, maana ndiye atakayekaa katikati ya bwato.